Hema Moja kwa Familia Moja

Mwaka wa 1969 nilikuwa na miaka kumi na moja, na hapo ndipo shida iliponikuta. Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la ngano mahali panapoitwa Ziwa, si mbali na Eldoret. Alipokufa, kabla mwezi haujaisha, tuliambiwa nyumba ya kibarua ni ya kibarua, si ya mjane wake. Mama akabeba sufuria, mimi nikabeba blanketi na mdogo wangu. Nilikuwa darasa la tatu. Sikurudi tena. Kwa hivyo nyinyi vijana mnaobaki pale stoo, wenye diploma, mkikuta neno limeandikwa vibaya lirekebisheni kimoyomoyo muendelee kusoma. Mambo yenyewe hayana makosa.

Siku mliyoniaga, mlisema niwaandikie ya kazi. Mlininunulia keki, nikaila, kwa hivyo nina deni. Lakini sitaandika nilipandishwa lini, kwa sababu sikupandishwa. Niliingia nikiwa fundi wa mahema na nimetoka nikiwa fundi wa mahema.

Kazi nilifundishwa na Mzee Wekesa, aliyekuwa akishona turubai za malori hapa mjini Eldoret. Siku ya kwanza hakunipa sindano. Alinipa turubai kuukuu la lori la mahindi akasema nilifumue mishono yote bila kutoboa kitambaa. Nilifumua siku nne. Siku ya tano akaniuliza, "Umeona nini?"

"Nimeona uzi."

"Enda ufumue lingine."

La tatu ndilo lilinifungua macho. Nikaona turubai haliraruki katikati, linararuka pembeni kwenye matundu ya kamba. Nikaona maji hayapiti kwenye kitambaa, yanapita kwenye mshono ambao mtu alikuwa na haraka. Nilipomwambia hivyo, Mzee Wekesa alinipa sindano ya pembe tatu, donge la nta ya nyuki, na kipande cha ngozi cha kufunga kiganjani ili usukume sindano bila kujitoboa. Hicho kipande cha ngozi nimekitumia mpaka kimechukua sura ya mkono wangu. Msiniombe. Shoneni chenu.

Kitu kingine alichonifundisha ni kuuliza. Dereva akileta kipimo, Mzee hakushika makasi kabla ya kumwuliza, "Unabeba nini?" Kama ni mahindi, turubai lifunike mpaka chini. Kama ni viazi, liachiwe hewa. Kama ni ng'ombe, liinuliwe juu. Dereva wengine walikasirika, wakasema pima tu, futi ni futi. Mzee anawaambia waende kwa fundi mwingine. Walikuwa wanaenda, halafu wanarudi.

Mwaka wa 1992, vita vya kikabila vilipokuja, ndiyo mara ya kwanza nilishonea watu badala ya mizigo. Familia zilijaa uwanja wa kanisa na hakukuwa na hema hata moja. Tulishona magunia na plastiki za mbolea tukawafunika. Watu wale walinuka mbolea mwezi mzima, lakini hawakulowa. Hakuna aliyetupigia picha.

Kufika 2008 nilikuwa na karakana yangu mwenyewe huko mtaa wa Langas, na cherehani mbili. Baada ya uchaguzi ikachomwa. Sitaandika nani alichoma. Waliochoma wanajijua, na wengine tunasalimiana sokoni mpaka leo. Mimi na mke wangu Wanjiku tuliingia kambini na nguo tulizovaa. Kwenye mfuko wa koti nilikuwa na sindano, ngozi na nta, kwa sababu mimi huwa siachi vyombo vyangu mahali. Wiki ya pili upepo uling'oa mahema kumi na tatu. Wale maofisa wa shirika la msaada wakaanza kuyafunga kwa waya. Nilitazama nikashindwa kuvumilia. Nikaenda nikanyang'anya mmoja ile waya, nikakaa chini, nikashona. Jioni nikawa nimeajiriwa.

Sasa sikilizeni, haya ni ya kazi. Kamba ya katani ikilowa inakaza, kwa hivyo mvua ikianza ilegeze, la sivyo itang'oa kigingi. Chimba mtaro kuzunguka hema siku hiyo hiyo unayolisimamisha, usingoje kuona kama kutanyesha. Hapa Eldoret kutanyesha. Na waambieni watoto wasiguse kitambaa kutoka ndani kikiwa kimelowa, kwa sababu pale kidole kilipogusa ndipo maji yataanza kupita. Mtaambia watoto na watagusa. Bebeni nta.

Mahema yenyewe yalikuwa mazuri, nasema kweli. Mimi silaumu kitu kwa sababu tu kimetoka mbali. Lakini kulikuwa na mambo ya ajabu. Tuliletewa mahindi mazima na hakuna kinu. Tuliletewa maharagwe ya kuchemka nusu siku na hakuna kuni. Siku moja lori lilileta viatu vya wanawake vya visigino virefu, kwenye matope yale. Wanjiku alichukua jozi akavitumia kupigilia vigingi. Na wale waliokimbilia kwa ndugu zao Langas, watu kumi na wawili chumba kimoja, hawakupata hata blanketi, kwa sababu hawakuwa kambini. Ukiwa na ndugu mwenye roho nzuri, unakatwa msaada. Nilimwuliza ofisa hiyo ni akili gani. Akasema ni mwongozo.

Basi nije kwa kile kisa kilichonifanya niandike.

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua kubwa imeanza. Asubuhi nafungua stoo, nakuta mama mzee ameketi juu ya mtungi wa plastiki chini ya ukingo wa paa, amejifunika gunia, analowa upande mmoja. Nilimjua. Alikuwa Nyanchama, Mkisii, mjane, alikuwa na shamba lake karibu na Cheptiret. Shamba la binti yake Kemunto na mume wake Omwenga lilipakana na lake. Nyumba zote mbili zilichomwa siku moja, wakaja kambini pamoja, na Kemunto ana mtoto wa miezi miwili.

"Mama, mbona umelowa hivyo?"

"Si kumenyesha. Ama kwako hakukunyesha?"

"Na hema lenu? Limepasuka? Nikuje nishone?"

"Hema ni nzima."

"Sasa unafanya nini hapa?"

"Nakaa," akasema, akanigeuzia uso.

Nikaenda kumwuliza Kemunto. Akaniambia huku anaangalia chini. Kwa Wakisii, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawalali chini ya paa moja. Si chuki, ni heshima. Mwanaume hapaswi kumsikia mama wa mke wake akijigeuza kitandani, wala yeye kuwasikia hao wawili. Sisi Wakikuyu tuna yetu ya namna hiyo, na Waluhya pia, na Wakalenjin. Nani hajui? Lakini Nyanchama kitambulisho chake kiliungua, kwa hivyo walipoandikisha watu aliwekwa chini ya jina la Omwenga, kama mtoto. Familia moja, namba moja, hema moja. Namba yao ilikuwa 214. Na mama yule alikuwa amelala nje wiki tatu, tangu wapewe hilo hema. Mimi napita hapo kila siku na vigingi vyangu, sikuona.

Hapo nikafanya kosa ambalo hata leo naona aibu. Sikumwuliza mwenyewe. Nilijiona mjanja, nikachukua mifuko ya unga, nikaifumua, nikashona pazia zito la kugawa hema katikati. Nikalitundika, nikamwita Nyanchama aje aone. Alikuja na majirani wake watatu. Omwenga alisimama mbali, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa kwa chifu.

Nyanchama akalishika pazia, akautazama mshono kwa makini. "Fundi, umeshona vizuri. Sasa niambie, hii inaziba masikio?"

Nikajifanya nakaza kamba ya pazia.

"Na milango ni mingapi?"

"Ni mmoja, mama."

"Basi mkwe wangu akitaka kwenda haja asubuhi apite wapi? Aniruke?"

Wale majirani walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye matope. Omwenga akaondoka bila kuvaa kofia. Mimi nikashusha pazia langu. Miaka zaidi ya thelathini ya kazi, na nilikuwa nimekata kabla ya kuuliza mzigo ni gani.

Ile aibu ndiyo ilimfukuza Omwenga. Aliamua yeye ndiye atoke, mama mkwe aingie. Akawa anaenda kulala mjini chini ya malori yanayongoja kupakua, asubuhi anarudi kwa miguu kutafuta kibarua na kuleta kuni. Nyanchama akaingia ndani, lakini tayari alikuwa anakohoa. Ilikuwa mpango mzuri kwa watu maskini wenye heshima zao. Ulidumu siku tano.

Kwa sababu shirika lilianza kuhesabu watu alfajiri. Walisema kuna familia hewa, watu wana hema kambini na wanaishi kwingine. Na ni kweli walikuwepo, sikatai. Basi alfajiri tatu maofisa walipita na taa zao wakafungua 214, wakakuta wanawake wawili na mtoto. Mwenye jina hayupo. Wakaandika: familia hewa. Jina likafutwa. Karatasi ya kuondoa hema, mwisho Ijumaa saa sita, ililetwa kwa nani? Kwangu. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye nayasimamisha na mimi ndiye nayang'oa.

Nilienda nayo kwa Sheila, yule ofisa wa orodha. Msichana mwerevu kutoka Nairobi, anafanya kazi mpaka macho yanakuwa mekundu. Simchukii.

"Sheila, hii familia si hewa."

"Mzee, baba hakuwepo siku tatu mfululizo."

"Alikuwa amelala chini ya lori ili mama mkwe apate mahali."

"Lakini hema wanalo. Linatosha watu watano, wao ni wanne na mmoja ni mtoto mchanga."

"Linatosha miili."

"Mzee Njoroge, tafadhali. Nikiandika hema mbili kwa namba moja, kesho nina watu mia nje ya huu mlango. Huyo mama hajakatazwa kulala ndani. Amechagua."

"Mpe namba yake mwenyewe, basi."

"Orodha imefungwa."

"Nani ana ufunguo?"

Akarudia kupanga karatasi zake. Nikamwambia, "Wewe mama mkwe wako akija, mnalala wapi?"

"Mimi sijaolewa."

"Inaonekana."

Hilo halikuwa jibu la heshima kwa mtoto wa mtu. Lakini nililisema, na nikiliandika hapa silipunguzi.

Ijumaa asubuhi nilienda 214 na makasi, msumeno na sanduku langu. Kemunto aliponiona alianza kufunga vitu vyake kwenye leso. Nyanchama alikuwa ameketi nje na mtoto mapajani, anakohoa ndani ya mkono wake ili asimwamshe. Safari hii nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, ukijengewa, mlango uangalie wapi?"

Akamfunika mtoto vizuri. "Mbali na wao."

"Na ukuta?"

"Usiguse wao. Mtu apite katikati, na moto uwe hapo katikati."

"Watakufukuza kazi," Kemunto akasema.

"Mimi nilikuwa fundi kabla hawajazaliwa."

Nikang'oa vigingi, nikalilaza hema chini. Lilikuwa la futi kumi na sita, mlango upande mmoja, upande wa pili umezibwa. Nilipima katikati mara mbili kwa shubiri na mara moja kwa kamba. Halafu nikaweka makasi kwenye kitambaa cha shirika, kipya, chenye alama ya shirika, nikakata. Watu walijaa. Mmoja akasema, "Huyu mzee amepagawa." Nikamwambia ashike pembe, akashika.

Nusu yenye mlango niliiziba kule nilikokata kwa kipande cha turubai la lori nililopewa na dereva. Nusu ya pili, kule nilikokata niliweka mlango wa kuning'inia, nikaupindia chini na kuweka kamba tatu za kufunga. Mwamba wa juu niliukata kwa msumeno, nikaongeza nguzo mbili za mkaratusi. Mishono yote mara mbili, nta juu. Nikasimamisha nusu hii hapa na ile pale, katikati hatua sita, milango imepeana kisogo. Halafu nikachukua rangi nikaandika 214 kwenye zote mbili. Fomu yao ilisema hema moja. Wangepima vitambaa vyote wangepata hema moja.

Saa sita Sheila alikuja na meneja wa kambi, mtu wa makamo kutoka upande wa Kakamega, suruali imekunjwa kwa sababu ya matope.

"Mzee," Sheila akasema, "si uliambiwa uondoe?"

"Niliondoa. Nikasimamisha tena."

"Umekata mali ya wafadhili!"

"Nimekata turubai. Mali ya wafadhili ni huyu mama, ama mlikuja kuokoa turubai?"

Meneja alizunguka zile nusu mbili, akainama akaangalia mishono. Halafu akamsalimia Nyanchama kwa adabu, kofia ameivua, akamwuliza kama ni kweli alikuwa akilala nje.

"Nililala nje, baba."

"Kwa nini hukuja ofisini kusema?"

"Kusema nini? Niseme mbele ya watoto wadogo wenye kalamu kwamba naogopa kusikia mkwe wangu akikoroma? Wewe ungeenda kusema?"

Meneja akakohoa kidogo. "Hapana, mama. Mimi mama mkwe wangu akija, analala kwa jirani."

"Basi unajua. Na ulijua tangu siku ya kwanza."

Sijawahi kuona mtu mkubwa akipigwa vile bila kuguswa. Akamgeukia Sheila akamwambia arudishe jina la Omwenga. Sheila akasema orodha imefungwa. Akamwambia, "Ifungue." Kumbe ufunguo ulikuwepo.

Jioni ile ile meneja aliniita ofisini akanipa barua ya onyo kwa kuharibu vifaa. Akasema ni lazima, sheria ni sheria. Nikaikunja nikaweka kwenye sanduku pamoja na nta. Kesho yake alinituma nikate mahema mengine tisa, kwa watu wa namna hiyo hiyo waliokuwa wamejificha: baba mkwe anayelala jikoni kwa wengine, bibi aliyekuwa analala kwenye foleni ya maji. Tisa! Na sote tulikuwa hapo.

Mnataka nimalizie hapo. Mimi pia ningependa. Lakini Nyanchama alilala kwenye nusu yake wiki tano tu. Kifua hakikupona. Alipelekwa hospitali, akarudi, akapelekwa tena. Alikufa akiwa na mlango wake, ndiyo, na Omwenga alimlilia kwa sauti kama mwanawe wa kuzaa. Cheti kiliandikwa homa ya mapafu. Mimi naandika hapa kwamba mama yule aliuawa na swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Wiki tatu za mvua. Kulikuwa na fomu iliyouliza kabila lake, na kijiji chake, na kama ana ulemavu, na kama ana redio. Redio! Haikuuliza: katika hawa mliokuja nao, nani hawezi kulala na nani?

Miaka iliyofuata familia zimekuja tena na tena, nyingi zimekimbia bunduki za wezi wa mifugo kutoka kaskazini. Hema ni za nailoni siku hizi, hazitaki nta, nyepesi kama sketi. Fomu imeingia kwenye simu. Mwezi wangu wa mwisho kazini nilimwomba mmoja wenu anisomee maswali yote, la kwanza mpaka la mwisho. Yalikuwa arobaini na moja. Sasa kuna swali la kama familia ina simu. Lile langu bado halipo. Nikamwambia yule kijana aliongeze. Akasema, "Mzee, simu hairuhusu." Nikamwambia basi atembee na mdomo wake. Nasema tena kwenu wote, na sitaki mcheke: kabla hujasimamisha hema, keti chini na yule mwenye umri mkubwa zaidi, sio yule mwenye kitambulisho, umwulize mlango uangalie wapi. Inachukua muda wa kunywa chai. Atakayewaambia hakuna muda, mwambieni tulikuwa na wiki tatu.

Sasa nina miaka sitini na saba. Sikusomea popote na sikuiba hata kigingi. Nilicho nacho ni hiki. Ploti Langas, ina vyumba vitano vya mabati. Cherehani ya turubai, moja, nzima, na nyingine ya kutoa vipuri. Ng'ombe wawili wa maziwa, mmoja ana mimba. Ekari moja ya mahindi ya kukodi huko Ziwa. Baiskeli. Suti ya kuzikia watu. Vyumba vitatu nimepangisha. Cha nne tunalala mimi na Wanjiku. Cha tano, kule nyuma kabisa, mlango umeangalia mwembe wa jirani, analala mama yake Wanjiku.